Figa la Tatu

Siku serikali ilipotuhamishia kijiji kipya, nje kidogo ya Iringa mjini, mama mkwe wangu alipakia mawe kwenye lori. Yalikuwa mafiga yake matatu, meusi kwa masizi ya miaka mingi. Aliyang'oa jikoni asubuhi ileile tuliyoambiwa tupande, akayafunga kwenye kitenge na kuyasukumiza katikati ya vyungu vyake. Alisema yatavishikilia vyungu visiyumbe njiani.

Watu walicheka. Iringa ina mawe mengi kuliko watu. Mjumbe mmoja aliyekuwa akituhesabu pale garini alimwambia, "Mama, tunakokwenda mawe yapo, tena ya bure."

"Hayo sijapikia," akajibu, kisha akaketi juu ya godoro kama aliyemaliza mazungumzo.

Mimi nilikuwa na tumbo la miezi ya mwisho na hasira za miezi ya mwisho. Kwa kila shimo la barabara nilisikia mlio mdogo kutoka kwenye kile kitenge, na nilijua kabisa ni mlio wa nini. Yeye pia alijua. Tulipofika na kufungua, mafiga yalikuwa mazima, na vyungu vyote vilikuwa vigae. Chungu cha mboga, chungu cha maji, chungu cha pombe, vyote. Alivitazama muda mrefu, akavifagia nyuma ya nyumba, kisha akayapanga mafiga yake mahali pa jiko na kuwasha moto. Nilitaka kumcheka na nilitaka kumlilia, nikabaki nimesimama na ufagio mkononi.

Niseme nilikuwa nani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimezaliwa milimani upande wa Mbeya, juu ya Uyole, kwenye familia ya wakulima wa viazi na pareto wasiokosa kanisani. Niliolewa na Mhehe, fundi wa barabara kuu, ambaye wakati huo kikosi chake kilikuwa kikiziba mashimo kule Ruaha Mbuyuni. Kwa hiyo nyumba ile mpya ilikuwa yetu wawili, mimi na mama yake. Tulipendana kwa namna ya kubishana. Aliniita "mwalimu" kila nilipokosea jambo.

Muda mfupi kabla ya kujifungua nilikuwa nikifundisha darasa la tano somo la watu wa kale. Kitabu cha mwalimu kilikuwa na kichwa kirefu kuhusu watu wa milimani na watu wa pwani kabla ya kujua kufinyanga vyungu. Upande mmoja wa picha kulikuwa na watu wamejikunyata pangoni. Upande wa pili watu wameketi kando ya bahari juu ya kilima cha magamba ya kombe. Wanafunzi wangu walikuwa hawajaona bahari. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaiona. Waliniuliza kama kombe lina miguu, nikasema tusonge mbele.

Watu wa milimani niliwamudu zaidi, kwa sababu tulikuwa tumetembea mpaka korongo la Isimila na kuona mawe yao, yale yaliyochongwa ncha kama majani makubwa. Mvulana mmoja alikaa akichokonoa udongo kwa kijiti akitafuta kigae. Nilimwambia vigae havipo, watu hao hawakuwa na vyungu. Akaniangalia kama ninamficha kitu.

Darasani msichana mmoja, mpole sana, alinyoosha mkono. "Mwalimu, sasa maji ya moto walipata wapi?"

Nikafungua kitabu. Kulikuwa na sentensi moja tu: walichoma mawe motoni na kuyatumbukiza kwenye maji yaliyokuwa ndani ya ngozi, kibuyu au gogo lililochimbwa. Nikaisoma. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Nani apike kwa kutia mawe ndani ya maji? Nilikuwa nimelelewa kujua kwamba jiwe hukaa chini, chungu hukaa juu, na moto hukaa katikati. Kutoka hapo sikuwafikiria tena wale watu, mpaka walipokuja wenyewe nyumbani kwangu.

Nilikuwa nimepanga kujifungulia hospitali ya mjini. Mtoto akapanga yake. Alizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa jirani, alfajiri ya baridi, ukungu umeziba mlango. Alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi na sauti kali. Nilifurahi mpaka nikasahau kuwa na hasira.

Siku kitovu kilipodondoka, nikasema sasa nitamfunga kifuani nimpeleke zahanati akapimwe uzito. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango.

"Mtoto hatoki," akasema.

Hapo ndipo nilipofahamu mila ya nyumba niliyoolewa. Katika ukoo wao mtoto havuki kizingiti mpaka aoshwe kwa maji yaliyopashwa moto kwenye chungu kipya cha udongo. Jina pia hapewi kabla ya hapo. Maji ya kuoga ya kila siku unaweza kupasha kwenye debe, hakuna atakayekugombeza. Lakini maji ya kutokea hayaguswi na chuma. Wala chungu hakinunuliwi hivihivi sokoni kwa mtu usiyemjua, kwa sababu hujui mikono iliyokifinyanga ilikuwa na huzuni gani. Mfinyanzi wa ukoo wao, mama mmoja mzee, alikuwa amehamishiwa kijiji kingine ng'ambo ya mto, na watu walisema huko bado hajapata udongo unaokubali.

Kwetu mtoto alitolewa kwa sala. Baba yangu alisimama mlangoni, akasoma zaburi, basi. Lakini sikuwa kwetu. Nikajiambia nitasubiri kidogo, maana mgeni hali sima kwa kijiko chake. Nikampa dereva wa lori la vitunguu salamu za kumfikishia mume wangu: atafute chungu kwa mtu anayemfahamu, chombo cha kupashia maji ya mtoto, haraka.

Mume wangu akatuma sufuria. Ilifika imejaa vitunguu, mpya, inang'aa mpaka unajiona uso. Dereva alisema fundi ameagiza tusihangaike na udongo, dunia imeendelea. Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili kwa heshima zote, akamwaga vitunguu kwenye ungo, kisha akatoka nje na kumfunikia kuku aliyekuwa akilalia ovyo. Tangu siku hiyo sufuria ile ikawa nyumba ya kuku. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilicheka kwa sababu nilikuwa bado sijaogopa.

Kuogopa kulianza mtoto alipoacha kunyonya. Alinyonya kama kawaida, akalala, akaamka anageuza uso. Mwili ulikuwa wa moto. Pumzi yake ilikuwa fupi, na kati ya mbavu ngozi ilikuwa ikibonyea kila akivuta hewa. Nilimwita mama mkwe aone. Akaweka sikio kifuani pa mtoto, akasikiliza.

"Nampeleka zahanati," nikasema.

"Hatoki."

"Mama, atakufa humu ndani."

"Akitoka ndiyo atakufa." Hakupaza sauti. "Wewe hujui. Mimi najua hiyo kitu. Nimeiona."

Nilimuuliza ameona nini. Akavuta kigoda chake na kukiweka juu ya kizingiti hasa, akaketi, mgongo nje, uso kwetu. Mama yule alikuwa mdogo wa mwili. Ningeweza kumsukuma kwa mkono mmoja. Na hapo ndipo ninaposhindwa kujieleza mpaka leo. Mimi, mwalimu, mwenye cheti, niliyewafundisha watoto wa watu habari za chanjo, nilisimama na mwanangu kifuani nikashindwa kumpita. Sehemu moja ya kichwa changu ilisema ni ushirikina huo, pita. Nyingine ikauliza: na kama ameona kweli? Nikipita, na mtoto akafa njiani, nitakuwa nimemuua mimi. Nikikaa, na akafa humu, nitakuwa nimemuua mimi pia. Nilizunguka chumba kile kidogo kama kuku mwenye kideri. Niliomba. Nilitukana. Nadhani nilifanya yote mawili kwa pumzi moja.

Nilipochoka nikaketi chini na kuanza kulia kwa hasira, na katika kulia nikapiga kelele: "Na watu wasiokuwa na vyungu, wao waliwatoaje watoto?"

Akauliza, "Watu gani hao?"

"Wa zamani. Wale wa korongoni. Hawakuwa na vyungu, wala sufuria, wala debe. Walikuwa na mawe tu."

"Watu bila chungu? Si watu hao. Labda nyani."

"Watu, mama. Walizaa. Walipasha maji."

"Kwenye nini?"

Nikamwambia. Mawe motoni, kisha mawe ndani ya maji, maji ndani ya gogo lililochimbwa. Nilisema nikijua ninavyosikika, nikasubiri acheke kama darasa la tano. Hakucheka. Aliniangalia kwa umakini ambao hakuwahi kunipa nilipozungumza mambo ya shule.

"Na watoto wao waliishi?"

Kitabu cha mwalimu kilieleza walikula nini, walilala wapi, walichonga mawe kwa upande gani. Juu ya hilo hakikusema kitu. "Sijui," nikasema.

"Kitabu yako haijui?"

"Haijui."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba jibu hilo limempa kitu ambacho majibu yangu mengine yalikuwa hayampi. Kisha akaonyesha kwa kidevu pembeni ya ukuta, palipokuwa na kinu chake cha kutwangia. Kilisafiri nasi kwenye lori lilelile. Kilikuwa gogo, na kilikuwa kimechimbwa. Nilikuwa nimekipita siku zote bila kukiona.

"Hicho hakijui chuma," akasema. "Jaribu."

Nikamlaza mtoto mapajani pake, nikatoka mbio mpaka kijito cha karibu, nikaokota mawe mazuri, laini, ya duara. Nikayatia motoni. Nikaosha kinu na kumwaga maji ndani yake. Kichwani sikuwa na wazo lolote, ni sentensi ile moja ya kitabu tu ikizunguka. Moto ulipokolea, jiwe la kwanza likapasuka kwa mshindo kama baruti. Kipande kikapaa kupitia mlangoni, kikagonga sufuria ya mume wangu kule uani, na kuku akatoka chini yake akipiga yowe. Jiwe la pili likapasuka. Nikajirusha nyuma. Mama mkwe alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mwili wake wote, amempa moto mgongo.

"Mawe ya mtoni yana maji ndani," akasema alipoinuka. "Yanakasirika."

Nikamwambia basi, mawe mengine ya hapa hatuyajui, hatujui lipi halitapasuka. Na nilikuwa nimekata tamaa kweli. Nilimtazama mwanangu akihema na sikujua tena ninamlilia nani, yeye au mimi.

Mama mkwe alinirudishia mtoto. Akaenda jikoni, akatenga kuni pembeni, na akaanza kulitikisa figa moja, lile lililotazama mlango. Lilikuwa limezama kidogo kwenye udongo mpya. Alilizungusha huku na huku mpaka likatoka. Nilimtazama bila kuelewa. Mwanamke huyu alikuwa amechekwa na lori zima kwa ajili ya mawe haya. Vyungu vyake vyote vilikufa kwa ajili ya mawe hayohayo. Akaliweka sakafuni, akanyanyua figa la pili kwa mikono miwili, akalishusha juu ya la kwanza. Halikuvunjika. Akanyanyua tena. Safari hii likaachana vipande, na ndani yake, chini ya weusi wa masizi, jiwe lilikuwa jekundu.

"Mama," nikasema, "utapikia nini?"

Tangu utotoni nimesikia kwamba figa moja haliinjiki chungu. Na mawili pia hayainjiki, ingawa hakuna aliyehangaika kuyatungia methali.

"Nyamaza, mwalimu. Chochea moto."

Vipande vile vilikuwa vimekwisha kuonja kila moto aliowahi kuuwasha tangu aolewe. Havikupasuka. Vilikaa kwenye makaa mpaka masizi yakaungua na kuwa majivu meupe. Akavitoa kwa vijiti viwili vibichi, maana koleo letu lilikuwa la chuma, na kuvitumbukiza kimojakimoja ndani ya kinu. Maji yalifoka, yakapiga kelele, mvuke ukajaa chumba. Nilitia kidole. Yalikuwa ya moto. Yalikuwa na majivu, na harufu ya kila chakula kilichowahi kufurika kwenye jiko lile, lakini yalikuwa ya moto. Nikaanza kucheka na kulia, na sikuweza kusema lipi lilitangulia.

Alimwosha mwenyewe. Kichwa, kifua, nyayo. Alikuwa akinong'ona Kihehe ambacho sikukifahamu, haraka haraka, na katikati nilisikia kama anaomba radhi. Alipomaliza akamvingirisha kwenye kitenge kilekile kilichobeba mafiga. Akakisogeza kigoda pembeni, akavuka kizingiti mbele yetu, akageuka.

"Haya. Twende."

Zahanati ilikuwa mwendo wa kupanda kilima na kushuka. Nilitaka kukimbia, nikaambiwa nisimtikise mtoto, nikatembea huku ndani ya moyo ninakimbia. Mganga wa zahanati, kijana mwenye miwani, alimsikiliza kifuani na kusema ni mapafu, na kwamba tumechelewa. Hakutugombeza zaidi ya hapo. Akaandaa sindano, na wakati inachemshwa akavuta kadi.

"Jina la mtoto?"

Sikuwa nalo. Nilikuwa nimesubiri kutoka nje, na kutoka kwenyewe kulivyokuwa, hakuna aliyewaza jina. Nikaanza kusema mtoto hajapewa. Mama mkwe akatangulia. Alisimama mlangoni, pumzi bado haijamtulia kwa kilima, akataja jina. Sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Si la shangazi yeyote, wala la bibi yeyote niliyemjua. Mganga akaliandika, akamchoma mtoto sindano, mtoto akalia kwa sauti ile yake kali, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikafurahi kumsikia akilia.

Wakati wa kurudi tuliketi kando ya njia, juu ya mwamba, kwa sababu mtoto alianza kutafuta titi. Alinyonya kidogo, akapumzika, akanyonya tena. Mama mkwe alimwangalia bila kupepesa. Nikamuuliza jina lile ni la nani.

"La mtoto yangu ya kwanza."

Nilikuwa najua mume wangu ndiye wa kwanza. Nikamwambia hivyo.

"Kabla yake," akasema. "Ilikuwa njaa. Tulikuwa tunahama kwenda kwa wajomba, haraka, chungu hatuna. Wakasema mtoe hivyohivyo, Mungu ataelewa. Nikamtoa." Akanyoosha kitenge juu ya nyayo za mtoto. "Hakufika."

Nikafikiri, huenda yule naye alikuwa na mapafu. Huenda ilikuwa njaa. Huenda sindano ndiyo imemponya wangu, na yale maji ya majivu hayakufanya lolote ila kutufungulia mlango. Au huenda sivyo. Nilikuwa nimeianza asubuhi ile nikijua nani mjinga kati yetu wawili, na sasa nilikuwa nimeketi juu ya jiwe sijui tena. Nikamshika mkono. Akauacha ushikwe.

Jioni hatukuinjika kitu. Tulikula viazi vya kuchoma kwenye majivu, vitunguu vya Ruaha pembeni, na mtoto amelala kati yetu. Kesho yake asubuhi nilimkuta akirudi kutoka nyuma ya nyumba amekumbatia jiwe, la hapohapo kijijini, lile la bure alilolikataa kwenye lori. Alilichimbia jikoni pale palipokuwa wazi, akalikanyaga kwa kisigino likae sawa, jeupe kati ya mawili meusi.

"Mwalimu," akasema akiwa bado amelikazia jiwe lile macho, "ukirudi shuleni, wakikuuliza wale watu bila chungu, kama mtoto yao waliishi."

"Ndiyo, mama."

"Waambie mmoja ameishi."

Nikasema nitawaambia, nikaenda kumtoa mtoto nje aote jua.